Viamsha-jeni: protini zinazoamuru jeni za seli na za virusi

Seli ya ini, seli ya neva na seli nyeupe ya damu ya mtu mmoja zina DNA ileile, yenye jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini, lakini kila seli hutumia sehemu tu ya jeni hizo na zilizobaki huziacha kimya. Tofauti kati ya seli na seli hutokana na uamuzi wa jeni ipi inakiliwe, wakati gani na kwa kiasi gani. Hatua ya kwanza ya uamuzi huo ni unukuzi, yaani kazi ya kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi ya kupita juu ya DNA na kutengeneza nakala yake ya RNA, ambayo baadaye husomwa na ribosomu ili protini itengenezwe. Virusi, ambavyo havina ribosomu wala nishati ya kwao, hukabiliwa na swali hilohilo kwa ukali zaidi: vikishaingia ndani ya seli ngeni, vitafanyaje ili mitambo ya seli iache shughuli zake na kuzinukuu jeni zao? Katika seli na katika virusi vilevile, sehemu kubwa ya jibu imo katika kundi la protini ambazo wanabiolojia huziita transaktiveta na ambazo hapa zitaitwa viamsha-jeni.

Ili kulielewa kundi hilo, ni lazima kwanza kutenganisha aina mbili za utawala wa jeni. Aina ya kwanza ni ya vipande vya DNA vilivyo jirani na jeni, kama vile eneo la kianzio ambapo polimerasi hutua, ambavyo hutawala jeni iliyo kwenye uzi uleule tu na haviwezi kuigusa nakala nyingine ya jeni hiyo iliyo kwenye kromosomu ya pili. Aina ya pili ni ya protini zinazotengenezwa mahali pamoja, zikasambaa ndani ya seli na kuifikia jeni yoyote yenye alama zinazoitambua. François Jacob na Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur, Paris, waliiweka wazi tofauti hiyo mwaka 1961 walipochunguza jinsi bakteria E. coli anavyotumia sukari ya maziwa: kasoro iliyotokea kwenye kipande cha DNA kinachopokea amri iliathiri jeni jirani peke yake, ilhali kasoro ya jeni inayotoa amri iliweza kufidiwa na nakala nzima iliyoingizwa ndani ya bakteria huyohuyo kwenye uzi mwingine. Protini waliyoibaini, hata hivyo, ilikuwa ya kuzuia, na kwa muda wengi waliamini kwamba jeni hutawaliwa kwa kufungwa na kufunguliwa tu. Ellis Englesberg, aliyekuwa akichunguza jeni za sukari iitwayo arabinosi, alidai mwaka 1965 kwamba ipo protini, AraC, ambayo kazi yake ni kuamsha, na dai hilo halikupokewa haraka. Leo ubishi huo umekwisha kabisa, kwani katika jenomu ya binadamu zimeorodheshwa protini zipatazo 1,600 zinazotambua mifuatano maalumu ya DNA, na nyingi miongoni mwake huamsha.

Umbo la kiamsha-jeni lilifahamika vizuri kwanza katika hamira. Hamira ikikuta sukari ya galaktosi, protini iitwayo Gal4, yenye asidi amino 881, huziamsha jeni za kuivunja sukari hiyo. Mwaka 1985 Roger Brent na Mark Ptashne wa Chuo Kikuu cha Harvard waliiondoa sehemu ya Gal4 inayoshika DNA na kuweka mahali pake sehemu ya LexA, protini ya bakteria isiyo na uhusiano wowote na hamira. Protini hiyo ya kuunga iliamsha jeni iliyowekewa alama ya LexA mbele yake na haikuijali alama ya Gal4. Ikadhihirika kwamba kiamsha-jeni kina sehemu mbili zinazoweza kutenganishwa, moja ya kuchagua mahali na nyingine ya kuamsha, na kwamba hii ya pili haihitaji kuigusa DNA hata kidogo. Kazi yake ni kushikana na protini nyingine: na mkusanyiko mkubwa uitwao Mediator, unaounganisha viamsha-jeni na polimerasi, na vimeng'enya vinavyobandika asetili kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushiwa, ili uzi ulegee, na mitambo inayozisukuma histoni zenyewe kando. Kiamsha-jeni ni dalali, ambaye hana nyumba ya kuuza wala fedha ya kuinunua, ila anajua nyumba iko wapi na mteja ni nani, na bila yeye wawili hao hawakutani.

Ushahidi mzuri zaidi wa hoja hiyo unatokana na jaribio lililoelekea kinyume. Grace Gill na Ptashne walionyesha mwaka 1988 kwamba Gal4 ikitengenezwa kupita kiasi ndani ya hamira, hata jeni zisizo na alama yake hunukuliwa kwa uchache, kwa sababu sehemu za kuamsha zilizozidi huzikamata protini za usaidizi zikiwa mbali na DNA na kuzinyima jeni nyingine. Kama nguvu ya kiamsha-jeni ingekuwa katika kemia yake chenyewe, wingi wake usingezidhoofisha jeni zisizokihusu. Lakini kwa kuwa nguvu yote ni ya kuazima, wingi wa waazimaji huleta uhaba.

Seli inaijua hatari hiyo na huvibana viamsha-jeni vyake. Kipokezi cha homoni ya kotisoli, kwa mfano, hukaa nje ya kiini cha seli kikiwa kimeshikwa na protini nyingine, na huingia kiinini na kwenda kwenye DNA pale tu homoni hiyo, au dawa inayofanana nayo kama prednisoloni au deksamethasoni, inapojipachika ndani yake. Protini p53, inayoziamsha jeni za kusimamisha mgawanyiko wa seli, hutengenezwa na kuvunjwa mfululizo, na kuvunjwa huko hukoma DNA inapoharibika, ndipo p53 ikarundikana na kuanza kazi. Kwa ujumla, viamsha-jeni vya seli yenyewe husubiri ishara, na namna ya kusubiri hutofautiana kati ya protini na protini. Virusi havina nafasi ya kusubiri hivyo, na hapo ndipo vinapoachana na seli.

Virusi vya herpesi vinavyosababisha malengelenge ya midomo hubeba kiamsha-jeni chao kikiwa tayari kimetengenezwa. Protini hiyo, VP16, imo kwenye tabaka lililo kati ya ganda na utando wa nje wa kila kirusi, na mara kirusi kinapoingia huachiwa ndani ya seli, ikashikana na protini ya mwenyeji iitwayo HCF-1, ambayo huipeleka kiinini, na huko pamoja na protini nyingine ya mwenyeji, Oct-1, huzikalia jeni za kwanza za virusi. Katika neva HCF-1 hukaa zaidi nje ya kiini, nayo VP16 ina safari ndefu ya kupita kwenye mkia wa neva, na inadhaniwa kwamba hizo ni miongoni mwa sababu za virusi hivyo kulala humo kwa miaka bila kuonekana. Mkia wa VP16 ni mkali kiasi kwamba maabara zimeufanya chombo: mfumo wa kutawala jeni kwa dawa ya tetrasaiklini, uliobuniwa na Manfred Gossen na Hermann Bujard mwaka 1992, umeutumia, na teknolojia ya karibuni ya CRISPR ya kuamsha jeni bila kuikata DNA mara nyingi huanza na vipande vinne vyake vilivyounganishwa. Adenovirusi vina njia nyingine. Protini yao E1A haishiki mfuatano wowote maalumu wa DNA. Hushika Mediator upande mmoja, na upande mwingine huikamata protini ya seli iitwayo Rb, ambayo kazi yake ni kuzizuia jeni za kugawanya seli, kwa hiyo huamsha kwa mkono mmoja na kumwondoa mlinzi kwa mkono wa pili.

Mfano unaostahili kuchunguzwa kwa kina kuliko yote ni Tat, protini ya VVU. Virusi hivyo, vilivyotambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi hiyohiyo ya Pasteur, vina RNA ya nyukleotidi kama 9,200 na jeni 9 tu. RNA hiyo hugeuzwa kuwa DNA, ikapachikwa ndani ya kromosomu ya seli ya kinga iitwayo CD4, na tangu hapo hunukuliwa na polimerasi ya binadamu kama jeni yoyote ya mwenyeji. Mwaka 1985 ilionekana kwamba seli zilizoambukizwa zina kitu kinachozidisha sana unukuzi unaotokea kwenye kianzio cha virusi, na kitu hicho kikabainika kuwa protini yenye asidi amino 101 katika virusi vingi vinavyotoka kwa wagonjwa, na 86 katika baadhi ya virusi vilivyozoea maabara, yaani haifikii hata sehemu moja ya nane ya urefu wa Gal4. Jambo lililowatatiza watafiti ni kwamba alama ya Tat ilikuwa baada ya mahali unukuzi unapoanzia, na iliacha kufanya kazi ilipogeuzwa au kuhamishwa, tabia isiyo ya kawaida kwa alama za DNA. Sababu ilikuja kueleweka: Tat hushika RNA yenyewe mara tu inapotoka kwenye polimerasi. Nyukleotidi 59 za mwanzo za RNA hiyo hujikunja zikawa kishina chenye kitanzi kichwani na uvimbe mdogo wa nyukleotidi tatu ubavuni, umbo liitwalo TAR, na uvimbe huo ndio ambao Tat huukamata.

Bila Tat, polimerasi haishindwi kuanza. Huanza vizuri kabisa, lakini ikishanukuu nyukleotidi kama 60 husimama, kwa kuwa protini mbili za seli, NELF na DSIF, huikamata, na nakala nyingi huishia kuwa vipande vifupi visivyo na faida kwa virusi. Tat huleta kimeng'enya cha seli kiitwacho P-TEFb, ambacho kina sehemu mbili, CDK9 na saiklini T1. CDK9 hubandika fosfeti kwenye NELF, ikaachia. Huibandika pia kwenye DSIF, ikageuka kutoka kizuizi na kuwa msaidizi. Vilevile huibandika kwenye mkia wa polimerasi, ambao kwa binadamu una marudio 52 ya kipande cha asidi amino 7, na hapo polimerasi huendelea hadi mwisho wa jenomu ya virusi. Baadaye Tat yenyewe hubandikwa asetili na vimeng'enya vya mwenyeji, ikaiachia TAR na kwenda na polimerasi.

Namna saiklini T1 ilivyopatikana inaonyesha jinsi Tat inavyomtegemea mwenyeji. Ilikuwa imejulikana kwamba Tat hufanya kazi vizuri katika seli za binadamu na hafifu sana katika seli za panya, na kwamba seli za jamii ya panya zilizopewa kromosomu ya 12 ya binadamu ziliitikia Tat vizuri zaidi, jambo lililodokeza kwamba juu ya kromosomu hiyo ipo jeni ya msaidizi asiyefahamika. Mwaka 1998 kundi la Katherine Jones katika Taasisi ya Salk, California, liliipata protini hiyo, saiklini T1, na jeni yake ilikuwa kweli kwenye kromosomu ya 12. Panya naye anayo saiklini T1, inayokaribiana sana na ya binadamu. Kinachokosekana ni asidi amino moja, ile ya nafasi ya 261, ambayo kwa binadamu ni sisteini na kwa panya ni tairosini. Ikibadilishwa hiyo moja, Tat huishika saiklini ya panya na wote wawili hukaa juu ya TAR. Kiamsha-jeni chenye uwezo wa kuzidisha unukuzi zaidi ya mara mia hutegemea asidi amino moja ya mwenyeji ili kipate kitu cha kukileta.

Tat imewafundisha wanabiolojia jambo kuhusu seli ambalo seli zenyewe zilikuwa zimelificha. John Lis na wenzake walikuwa wameonyesha, kwa nzi wa matunda, kwamba polimerasi husimama mwanzoni mwa jeni za kukabili joto, ikisubiri joto lipande, lakini wengi waliliona hilo kuwa jambo la jeni chache za pekee. Uchunguzi wa jenomu nzima uliofanywa kuanzia mwaka 2007 ulionyesha kwamba kusimama huko ni kwa kawaida katika jeni nyingi za nzi na za binadamu, na kwamba kuiruhusu polimerasi iendelee ni uamuzi mkubwa sawa na kuiruhusu ianze. Hata P-TEFb, sehemu yake kubwa huwekwa akiba katika seli, imefungwa kwenye RNA ndogo iitwayo 7SK pamoja na protini HEXIM1, na Tat huinyakua kutoka kwenye akiba hiyo. Vitabu vya kiada vinavyochora kiamsha-jeni kikiisukuma polimerasi itue kwenye kianzio, na kuishia hapo, vimeachwa nyuma na ushahidi kwa miaka mingi.

Tat ina sifa nyingine yenye uzito zaidi kwa mgonjwa: hujiamsha yenyewe. Jeni ya Tat imo ndani ya jenomu inayonukuliwa kwa msaada wa Tat, kwa hiyo Tat kidogo huzaa nakala ndefu zaidi, nazo huzaa Tat zaidi. Mzunguko wa aina hiyo huisukuma seli kuelekea kuwaka au kuzimika, na kinachoamua kwa sehemu kubwa ni bahati ya molekuli chache za mwanzo. Leor Weinberger, David Schaffer na wenzao wa California walilionyesha hilo mwaka 2005 kwa kutengeneza kirusi chenye protini inayong'aa kijani na Tat peke yake: seli zilizotengwa zikiwa na mwanga wa kati hazikubaki hivyo, bali baada ya muda ziligawanyika makundi mawili, nyingine zikawa angavu na nyingine zikazimika, ingawa zote zilitokana na mbegu ileile. Katika seli ya CD4 iliyopumzika, ambamo saiklini T1 ni chache na protini ya NF-κB inayoanzisha unukuzi imezuiwa nje ya kiini, mzunguko huo huelekea upande wa kuzimika, na DNA ya virusi hubaki ndani ya kromosomu bila kutoa protini ambayo kinga ya mwili ingeweza kuiona. Hiyo ndiyo akiba ya VVU iliyothibitishwa mwaka 1997 kwa wagonjwa waliokuwa kwenye dawa, na ndiyo sababu ya dawa hizo kutumiwa maisha yote.

Viamsha-jeni vingine vya virusi huvuka mpaka na kuziamuru jeni za mwenyeji, na madhara yake ni saratani. Tax, protini ya virusi HTLV-1 vinavyopatikana hasa kusini-magharibi mwa Japani, visiwa vya Karibi na sehemu za Afrika ya Kati na Magharibi, huungana na protini ya mwenyeji iitwayo CREB ili kuziamsha jeni za virusi, lakini pia huiwasha NF-κB bila kikomo, na seli iliyoambukizwa huendelea kugawanyika. Asilimia chache za wenye virusi hivyo hupata saratani ya damu baada ya miaka mingi. Mara nyingi saratani ikishakomaa Tax huwa imezimwa, kwa kuwa kinga huitambua haraka, jambo linaloonyesha kwamba kiamsha-jeni kinaweza kuanzisha ugonjwa ambao baadaye hauhitaji tena uwepo wake.

Saratani ya Burkitt inalipeleka suala hilo mbali zaidi, nayo ina asili ya Afrika Mashariki: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958 kwa watoto wenye uvimbe wa mataya, na kutoka kwenye uvimbe huo Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikipata mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr. Katika maabara kirusi hicho huzifanya seli B za damu zigawanyike bila kukoma kwa kutumia kiamsha-jeni kiitwacho EBNA2, ambacho miongoni mwa mengine huiamsha jeni ya MYC, yenye kuchochea ukuaji. Ndani ya uvimbe wa Burkitt, hata hivyo, EBNA2 kwa kawaida haipo. Badala yake kromosomu zimekatika na kuunganika vibaya, jeni ya MYC ikaangukia karibu na DNA ya kuchochea jeni za kingamwili, na sasa huwaka kwa sababu ya jirani yake mpya. Amri iliyokuwa ikitoka kwa protini inayosafiri imechukuliwa na kipande cha DNA kilicho papo hapo, na tofauti ya Jacob na Monod, iliyoonekana kuwa ya bakteria na sukari, inasomeka waziwazi katika taya la mtoto.

Je, viamsha-jeni vinaweza kuzuiwa kwa dawa? Hapa hoja ya kuazima nguvu inageuka kuwa kikwazo, kwani kuizuia P-TEFb kunazigusa jeni nyingi za mgonjwa mwenyewe, na nyuso ambazo kiamsha-jeni hushikana nazo ni pana na nyororo, hazina shimo linalofaa kuingia molekuli ndogo. Dawa moja iliyokusudiwa kuizuia Tat, Ro 24-7429, ilijaribiwa kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na haikuonyesha nguvu dhidi ya virusi. Mkondo mmoja wa utafiti wa sasa unataka kuviamsha virusi vilivyolala ili seli zake ziangamizwe; vorinostati, iliyojaribiwa kwa njia hiyo mwaka 2012, iliongeza RNA ya virusi lakini haikuipunguza akiba. Mkondo wa pili unataka kinyume, kuvifunga virusi vilale moja kwa moja, na unategemea zaidi didehidro-kotistatini A, kemikali iliyotokana na dutu ya sponji wa baharini, ambayo hushika Tat na katika panya waliopandikizwa seli za binadamu ilichelewesha kurudi kwa virusi baada ya dawa kusimamishwa. Mkondo wa pili una mantiki zaidi, kwa sababu unailenga protini ya virusi ambayo mwenyeji hana, ingawa ushahidi wake bado ni wa panya.

Dawa za kufubaza VVU zinazotolewa kliniki leo kwa kawaida huzuia kuingia kwa virusi kwenye seli, kugeuzwa kwa RNA kuwa DNA, kupachikwa kwa DNA hiyo, au kukomaa kwa virusi vipya, na hakuna hata moja inayoigusa Tat. Mgonjwa anayeziacha huipa Tat nafasi ya kuuanzisha mzunguko wake upya katika seli chache tu, na kwa kawaida virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache. Kuna upungufu mwingine ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki: sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu Tat yametokana na virusi vya kundi B, vilivyoenea Ulaya na Marekani, ilhali Kenya, Uganda na Tanzania zina zaidi makundi A, C na D, na kianzio cha kundi C mara nyingi kina alama tatu za NF-κB pale ambapo kundi B lina mbili. Dawa ya kuizuia Tat itakayojaribiwa kwa virusi vya kundi B peke yake haitakuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wengi wa eneo hili.